Kadi Moja, Watu Wanane: Piga Hesabu Kabla ya Kununua

Ofisi ya wasanifu majengo yenye wachoraji wanane ikikaa kupanga bajeti ya kompyuta, siku hizi hakosekani mtu wa kuuliza: kwa nini tununue kompyuta nane zenye nguvu wakati seva moja yenye kadi moja kubwa ya grafiksi inaweza kutuhudumia wote? Wazo lenyewe si baya. Mashine pepe nane zinakaa ndani ya seva, kila mchoraji anaingia kwenye yake kupitia kompyuta yoyote dhaifu iliyo mezani, mafaili ya wateja hayatoki kwenye chumba cha seva, na mwizi akivunja dirisha usiku anaondoka na skrini tu. Ninachopinga ni namna hesabu inavyofanywa. Watu hulinganisha bei ya kadi na bei ya kadi nyingine, ilhali kadi ni sehemu ndogo ya gharama. Pesa nyingi inakwenda kwenye mambo matatu ambayo muuzaji hayataji: memori anayohitaji kila mtumiaji, leseni inayolipwa kila mwaka, na seva yenyewe itakayoibeba kadi.

Tuchukue ofisi hiyo iwe Dar es Salaam. Wanne wanatumia Revit kutwa nzima, wanne wanachora kwa AutoCAD na kuandika barua. Ili hesabu isomeke kwa urahisi nitahesabu dola 1 kuwa shilingi 2,500. Wewe weka kiwango cha siku unayonunua.

Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba kadi ya grafiksi ina vitu viwili vya kugawana, na havigawanywi kwa njia moja. Fikiria nyumba ya kupanga: kila mpangaji ana chumba chake chenye ufunguo, lakini jiko ni moja na linatumika kwa zamu. Memori ya kadi ndiyo vyumba. Ukimpa mtu GB 2, ni zake hata akiwa amelala, na jirani aliyebanwa hawezi kuziazima. Prosesa ya kadi ndiyo jiko: wenzako wakiwa kimya unapata moto wote, wakijaa wote unasubiri. Kwa hiyo idadi ya watu inayoingia kwenye kadi huamuliwa na memori, na kasi wanayoipata saa nne asubuhi huamuliwa na wingi wao.

Hapo ndipo ndoto ya wengi inapokatika. Autodesk, kwenye mapendekezo yake ya Revit, hutaja kadi yenye walau GB 4. Kadi ya GB 16 basi inabeba watu wanne wa Revit. Unaweza kuwapa GB 2 ili waingie wanane, na kwa michoro midogo itakwenda, lakini fungua mradi wa ghorofa kumi, zungusha mwonekano wa pande tatu, utaona picha inavyokatikakatika. Kuna kikwazo kingine: kwa miaka mingi programu ya Nvidia ya kugawa kadi ilitaka mashine zote zilizo kwenye chipu moja zipewe ukubwa sawa. Matoleo mapya yameanza kuruhusu kuchanganya, ila si kwa kadi za kizazi cha Tesla P4 na P40 ambazo ndizo zimejaa sokoni kama mitumba. Ukiwa na kadi hizo huwezi kumpa wa Revit GB 4 na wa barua GB 1 kwenye chipu hiyo hiyo.

Sasa leseni, na hapa naomba msomaji atulie. Nvidia ilipoanza kuuza kadi za kugawana, GRID K1 na K2 mwaka 2013, ulilipia kadi na ukamaliza. Mwaka 2015 utaratibu ukabadilika: programu ya kugawa, iitwayo vGPU, ikaanza kuuzwa peke yake kwa leseni ya kila mtumiaji aliyeunganishwa kwa wakati mmoja. Ziko za ngazi tatu. vApps ni ya programu zinazorushwa kutoka kwenye seva ya Windows, vPC ni ya kazi za ofisi, na vWS ni ya wachoraji na wahandisi kwa sababu ndiyo yenye draiva ya kitaalamu. Kwenye orodha ya bei ya Nvidia zimekuwa karibu dola 10, 50 na 250 kwa mtu kwa mwaka, kwa mpangilio huo. Wakala wako anaweza kupunguza au kuongeza, lakini uwiano ndio huo.

Piga hesabu. Wachoraji wanane kwa vWS ni dola 2,000 kwa mwaka, sawa na shilingi milioni 5. Miaka mitano ni milioni 25, na katika muda huo kadi ni ile ile. Ukisema uwape wote vPC unashuka hadi dola 400 kwa mwaka, ila kwenye kadi kama T4 ngazi hiyo inaishia GB 2 kwa mtu na haina draiva ya kitaalamu. Kwa wale wanne wa AutoCAD inatosha. Kwa wale wa Revit ni kuwanunulia lawama.

Wapo wanaojiambia wataendesha bila leseni. Kinachotokea ni hiki: mashine pepe inawaka vizuri na kila kitu kinapendeza kwa dakika 20. Baada ya hapo picha inabanwa isipite fremu 15 kwa sekunde, na ikifika saa 24 inashushwa hadi fremu 3. Ukisogeza mausi, mshale unaruka kutoka kona hadi kona. Mstari unaouchora unatokea baada ya mkono kusimama. Hakuna mtu anayeweza kuchora hivyo. Ipo pia programu iliyotoka mwaka 2021, vgpu_unlock, inayoihadaa draiva ili kadi za kawaida za michezo za vizazi vya nyuma zijione ni za seva. Kwa kujifunza nyumbani ni shule nzuri sana. Kwa ofisi inayoingia mikataba na kuhifadhi michoro ya wateja siipendekezi kabisa: inavunja masharti ya leseni, na sasisho moja la draiva linaweza kuwaacha watu wanane wamekaa mikono mitupu.

Tukija kwenye kadi zenyewe, zinazozungumzwa zaidi ni hizi. Tesla P4 ya mwaka 2016 ina GB 8, inakula wati 75, ni fupi na haihitaji waya wa umeme wa pembeni. Tesla P40 ina GB 24 na wati 250. T4 ya mwaka 2018 ina GB 16 kwa wati 70 tu. L4 ya mwaka 2023 ina GB 24 kwa wati 72. Na A16 ni chipu nne kwenye ubao mmoja, kila moja na GB 16, jumla GB 64, wati 250. Hiyo imetengenezwa mahsusi kwa kugawiwa watu wengi.

P4 na P40 zinavutia kwa bei, lakini nazitilia shaka kwa ofisi. Tawi la 16 la vGPU ndilo la mwisho kuzihudumia, nalo lilitolewa mwaka 2023 kwa huduma ya miaka mitatu. Maana yake utalipia leseni mpya ya kila mwaka ili uendeshe draiva isiyopata tena viraka vya usalama. P40 nayo imepanda bei tangu watu waanze kuitafuta kwa ajili ya kuendesha modeli za lugha nyumbani, kwa hiyo hata unafuu wenyewe umepungua. Kwa mtumba, T4 ndiyo ninayoiona ya kufikiriwa: inahudumiwa bado, inakula umeme kidogo, na mara nyingi hupatikana kati ya dola 500 na 800. Kwa wachoraji wanane wa GB 4 utahitaji mbili.

Ukishika mkononi kadi yoyote ya jamii hii utagundua haina feni. Ni bomba la chuma lililo wazi pande mbili, lenye mapezi ndani, linalotegemea feni za seva zisukume hewa kutoka mbele kwenda nyuma. Ukiiweka kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani inapata joto na kujipunguza kasi ndani ya dakika chache. Na ukinunua P40, angalia tundu la umeme mkiani: lina pini nane, lakini mpangilio wake ni ule wa waya wa prosesa ya kompyuta, si wa kadi za grafiksi za kawaida. Waya hizo mbili zinafanana kwa macho ilhali chanya na hasi zimekaa kinyume. Fundi asiyejua akilazimisha ule wa kawaida anaweza kuunguza kadi na pawa saplai pamoja. Dai waya sahihi upewe pamoja na kadi.

AMD ilijaribu njia ya kiungwana zaidi. FirePro S7150 ya mwaka 2016 iligawanyika ndani ya chipu yenyewe, hadi watumiaji 16, bila leseni hata shilingi. Leo utaikuta mitandaoni kwa bei ya kutupa, na ni rahisi kudhani umeokota almasi. Tatizo ni draiva: ile ya Linux iliachwa kwenye keneli za zamani, kwa hiyo utalazimika kubaki na mfumo wa zamani ili kadi ifanye kazi. Iache.

Intel ndiyo iliyobadilisha mazungumzo. Kwa miaka mingi chipu zake za kizazi cha 5 hadi cha 10 ziliruhusu grafiksi ya ndani kugawanywa kwa teknolojia ya GVT-g, bure, ingawa nguvu yake ilikuwa ya kufungulia video na barua pepe tu. Kizazi cha 11 kikaiacha, cha 12 kikaja na njia mpya ya SR-IOV, ambapo maunzi yenyewe hujionyesha kwa seva kama kadi kadhaa ndogo. Kisha Septemba 2025 ikatoka Arc Pro B50: GB 16, wati 70, bei ya kutangazwa dola 349, feni yake mwenyewe, na ahadi ya SR-IOV bila leseni ya mwaka. Mbili ni dola 698, GB 32, wachoraji wanane wa GB 4. Linganisha na dola 2,000 za leseni za mwaka mmoja tu wa vWS. Tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa.

Lakini sitaki mtu akimbilie. Njia hii ni changa. Inataka keneli mpya ya Linux, programu dhibiti ya kadi iliyosasishwa, na fundi asiyeogopa kusoma kumbukumbu za makosa. Programu za uchoraji nazo zina orodha za kadi zilizothibitishwa, na kadi mpya huchelewa kuingia humo. Ningenunua moja, nikaiweka na wachoraji wawili wavumilivu, na kuwaacha wafanye kazi halisi kwa muda wa mradi mmoja kabla ya kununua ya pili.

Sasa swali lisiloulizwa: prosesa ya seva. Ofisi nyingi zinanunua seva za rafu kama Dell PowerEdge R730 zilizotumika, nyingi zikipitia Dubai, kwa sababu zina RAM tele na koa nyingi kwa bei ndogo. Mle ndani mara nyingi utakuta Xeon kama E5-2680 v4: koa 14, kasi ya msingi GHz 2.4, ikijitahidi sana 3.3. Kwa kazi za hifadhidata ni farasi mzuri. Revit na AutoCAD, hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi zao huendeshwa na koa moja kwa wakati mmoja; wingi wa koa hauzisaidii sana, zinataka kasi ya koa moja. Mchoraji aliyezoea kompyuta ya mezani yenye prosesa ya GHz 4 na zaidi akihamishiwa kwenye seva hiyo atalalamika kuwa kadi haifanyi kazi, ofisi itanunua kadi kubwa zaidi, na malalamiko yatabaki pale pale. Nikiwa na pesa ya kuongeza kitu kimoja tu kwenye mpango mzima, naongeza kasi ya prosesa kabla ya kugusa kadi.

Pia kagua BIOS kabla ya kulipa. IOMMU iwepo na iwashwe, la sivyo hakuna kadi itakayopita kwenda kwenye mashine pepe. Kwa kadi za Intel, na za Nvidia kuanzia kizazi cha Ampere kama A16 na L4, SR-IOV nayo lazima iwepo. Mazabodi za bei nafuu hutangaza mambo haya na kuyatekeleza nusu.

Kuhusu umeme nimeona hofu isiyo mahali pake. Uniti ya TANESCO kwa matumizi ya kawaida ni shilingi 292, ukijumlisha VAT na tozo za REA na EWURA inafika karibu 356. P40 ikikamuliwa wati zake zote 250 kwa saa 10, siku 26 za mwezi, inakula uniti 780 kwa mwaka, karibu shilingi 278,000. T4 kwa saa hizo hizo ni karibu 78,000. Tofauti ya laki mbili kwa mwaka haiwezi kuamua ununuzi wa mamilioni. Kinachomaliza LUKU ni seva ya zamani inayoachwa ikiwaka usiku, Jumapili na sikukuu: wati 150 za kupumzika tu, mwaka mzima, ni uniti 1,314, yaani karibu shilingi 468,000, na kiyoyozi cha chumba chake hakijahesabiwa. Ipangie muda wa kujizima.

Kukatika kwa umeme ni hoja nzito zaidi. Kompyuta nane zikiwa mezani, moja ikiharibika anasimama mtu mmoja. Seva moja ikizima bila UPS ya maana, wanasimama wanane, na waliokuwa hawajahifadhi kazi wanaanza upya. Weka bei ya UPS ya seva kwenye jedwali lako tangu siku ya kwanza, pamoja na nyaya za mtandao za gigabiti hadi kila meza, maana kuchora kupitia Wi-Fi ya ofisi iliyojaa simu ni mateso. Ongeza pia haki ya Microsoft ya kuingia kwenye Windows iliyo ndani ya seva, ambayo hailetwi na leseni ya Windows ya kompyuta ndogo ya mezani. Programu ya kuendeshea mashine pepe nayo ina gharama zake: tangu Broadcom ilipoinunua VMware mwishoni mwa 2023, leseni za kununua mara moja zimeondolewa na kubaki za kulipia kwa muda. Proxmox VE haina ada ya lazima, na tangu vGPU 18 Nvidia inaihudumia rasmi. Kwa ofisi ndogo ningeanzia hapo.

Zipo njia za kutumia kadi moja bila kuigawa kabisa. Wanafunzi wa chuo wanaofanya mazoezi ya kufunza modeli kwa Linux hawahitaji mashine pepe kila mmoja. Kontena kadhaa hutumia GPU moja kwa pamoja bila leseni ya vGPU, mradi zisimamiwe zisinyang'anyane memori. Kwa Windows, kadi nzima inaweza kupewa mashine pepe moja ya Windows Server, na watu wengi wakaingia humo kila mmoja na kikao chake. Tangu Machi 2021 Nvidia yenyewe imeacha kuzuia kadi za GeForce zisipewe mashine pepe hivyo. Utalipia leseni za vikao za Microsoft, na kuna programu za uchoraji zisizokubali mpangilio huo, kwa hiyo waulize wenye programu kwanza.

Kwa ofisi yetu ya watu wanane, uamuzi wangu ni huu. Wale wanne wa Revit wasigawane. Kila mmoja apewe kompyuta yake yenye prosesa ya kasi na kadi ndogo ya kitaalamu, kama T1000 ya GB 8 inayokula wati 50. Hata ukizinunua kwa dola 400 kila moja, nne ni dola 1,600, na leseni za vWS za watu wanne kwa miaka miwili ni 2,000. Wale wanne wa AutoCAD na barua ndio wanaofaa seva: B50 moja kama fundi wenu anaiweza, au T4 moja na vPC nne kwa dola 200 kwa mwaka kama mnataka huduma ya simu ya mtu wa kuulizwa. Kugawana kwa vWS kunaanza kulipa pale watumiaji wanapokuwa wengi na wanapokezana, kwa mfano chuo chenye wanafunzi 60 ambao hawazidi 15 kwa wakati mmoja, kwa sababu leseni inahesabu walioingia, haihesabu waliosajiliwa. Hapo A16 moja inabeba wote 15 kwa GB 4 na nafasi ya mmoja inabaki.

Nvidia hutoa leseni za majaribio za siku 90. Usizianzishe mwezi wa likizo; zianzishe mwezi ambao ofisi ina zabuni. Na kama unanunua T4 ya mtumba Kariakoo au kwa mtu wa mtandaoni, usikubali kuoneshwa kadi iliyo kwenye mfuko. Ichomekwe kwenye seva, iitwe kwa amri ya nvidia-smi, usome jina na memori yake kwa macho yako, kisha ikimbizwe kwa nusu saa huku ukiangalia joto. Ikipanda bila kutulia na feni za seva zinavuma, mwachie mwenyewe.